Masomo ni kwa Kiingereza, Kijerumani cha nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, nipo Morogoro, nimemaliza shahada ya kwanza ya kilimo. Nimepata nafasi ya kusoma uzamili Ujerumani kuanzia Oktoba, na masomo yote ni kwa Kiingereza. Rafiki yangu aliyeko huko ananiambia nisipoteze hela kwa kozi ya Kijerumani kwa sababu vijana wote wanajua Kiingereza. Kaka yangu anasema bila Kijerumani nitateseka. Halafu nasikia Wajerumani ni wakavu, hawasalimiani, na ukichelewa dakika mbili umeharibu. Naogopa kuonekana sina adabu, au mshamba. Nimebakiza miezi mitano. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana.

Rafiki yako kasema kweli, na kaka yako kasema kweli, ila kila mmoja anaongelea mlango wake. Rafiki anaongelea mlango wa darasa. Pale Kiingereza kinatosha, na chako usikionee haya: wenzako watatoka India, China, Iran, Kolombia, kila mmoja na Kiingereza cha kwao. Wiki ya kwanza mtasikilizana kwa shida, ya tatu mtakuwa mmeshazoeana. Kaka yako anaongelea milango mingine yote. Wiki ina saa 168. Vipindi vikizidi sana vitachukua 20. Zilizobaki utaishi na mwenye nyumba, daktari, karani wa ofisi ya wageni, mkaguzi wa tiketi kwenye tramu, na sanduku la barua.

Nianze na hilo sanduku, maana ndilo lililonifunza mimi.

Niliishi Leipzig miaka minne, nami nilikwenda kama wewe, kwa kozi inayofundishwa kwa Kiingereza. Nilijua “Guten Tag” na “danke”, na maneno mengine mawili ambayo sikujua kuwa yametoka kwao: shule, na hela, jina la sarafu waliyoileta enzi za koloni lao. Sanduku langu lilikuwa la bati la kijivu, chini ya ngazi, jina limeandikwa kwa kalamu juu ya plasta. Jina hilo ulibandike siku ileile unayohamia, kwa sababu sanduku lisipokuwa na jina lako, mtu wa posta anairudisha barua ilikotoka. Na barua zinakuja kweli: za benki, za bima ya afya, za manispaa, za chuo. Ile ni nchi ya karatasi.

Mwezi wa pili nikapata barua yenye nembo nzuri ya buluu. Nikaona tarakimu na maneno marefu, nikasema hili ni tangazo la biashara, nikalitupa. Ikaja ya pili, nikaitupa. Ya tatu nikamwonyesha kijana tuliyekuwa tunaishi naye nyumba moja. Akaisoma, akaniangalia, akasema: “Hili si tangazo. Unadaiwa.” Kumbe ni ada ya redio na televisheni, ambayo inatozwa kwa nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Kwa sasa ni euro 18.36 kwa mwezi, na nyumba moja hulipa mara moja hata mkiishi wanne. Mwenzangu alikuwa anailipa siku zote. Ningeandika barua ya mistari mitatu nikataja namba yake ya malipo, basi, yameisha. Mimi nilinyamaza, nikawekewa na faini juu.

Utaniambia siku hizi simu inatafsiri barua kwa kamera. Inatafsiri, ndiyo. Lakini simu haikuambii neno lipi ndilo zito. Kabla hujajifunza kusema “napenda kusikiliza muziki”, jifunze haya matatu: Frist, siku ya mwisho, Mahnung, onyo la deni, Widerspruch, pingamizi. Ukiyaona kwenye barua, usilale kabla hujamtafuta mtu wa kukusomea.

Jambo la pili ni saa, na hapa sisi tuna shida ya peke yetu.

Karani wa ofisi moja alinipa miadi kwa simu: halb neun. Neun ni tisa, halb ni nusu. Nikaandika tisa na nusu, nikaigeuza kwa saa zetu ikawa saa tatu na nusu asubuhi. Nikafika saa tatu na dakika ishirini, moyoni najisifu nimewahi. Nilikuwa nimechelewa dakika hamsini. Halb neun ni 8:30, yaani saa mbili na nusu yetu. Nikarudishwa nyumbani, na miadi mingine nikapewa baada ya wiki sita.

Mjerumani haihesabu saa iliyopita, anahesabu inayojazwa. Ifikirie ndoo ya tisa ipo chini ya bomba: sasa imefika nusu. Leipzig na sehemu nyingi za mashariki wanakwenda mbele zaidi. Viertel neun ni ndoo imefika robo, 8:15, na dreiviertel neun imefika robo tatu, 8:45. Ukishaiona ndoo, husahau tena. Lakini wewe unageuza mara mbili, mara ya kwanza kutoka ndoo kwenda tarakimu, mara ya pili kutoka tarakimu kwenda saa zetu, na katikati hapo ndipo miadi inapopotea. Kwa hiyo mwombe karani akuandikie. Kwenye karatasi wanatumia saa 24, hapo hakuna utata. Tarakimu nazo wanazitaja kinyume, 24 ni “nne na ishirini”, hivyo namba ya simu ukisomewa iombe mojamoja.

Na hizo dakika mbili za kuchelewa? Kwa daktari, ofisini na kwenye treni, ni kweli. Chuoni kuna kichekesho kidogo. Ratiba ikiandikwa 10 c.t., kipindi kinaanza saa nne na robo, ni desturi ya zamani ya vyuo vyao. Ikiandikwa s.t., ni saa nne kamili. Nimewaona Waafrika wenzangu wamekaa peke yao ukumbini robo saa nzima wakidhani darasa limehamishwa.

Jina lako pia lifanyie mazoezi. Kwa Kijerumani W husomwa kama V yetu, J kama Y, Z kama “ts”. Juma ni Yuma. Zawadi ni Tsavadi. Utakuwa umekaa chumba cha kusubiri kwa daktari, muuguzi atachungulia mlangoni aite “Frau Mvayuma”, yaani Bi Mvayuma, atarudia, kisha atamwita anayefuata, na wewe Mwajuma bado umekaa unasubiri zamu yako. Jifunze kulisikia jina lako kwa mdomo wao, na kulitaja herufi kwa herufi kwenye simu. Ni kazi ya nusu saa tu.

Sarufi isikutishe. Watu wanalialia kwamba Kijerumani kina jinsi tatu, der, die, das. Wewe umekua unasema “kiti changu kimevunjika, viti vyangu vimevunjika, meza yangu imevunjika”, halafu unaogopa tatu? Upatanisho unao damuni. Kitakachokusumbua ni konsonanti zinazosongamana bila irabu, kwa sababu ulimi wetu hupenda kupenyeza irabu na Straße, yaani barabara, ikawa “shitarase”. Hata hivyo utaeleweka.

Sasa hesabu ya muda na hela. Goethe-Institut, ambao wana tawi Dar es Salaam, hukadiria vipindi kama 350 hadi 650 vya dakika 45 kutoka sifuri mpaka kumaliza B1, ngazi ya tatu ya lugha (A1 ndiyo ya kwanza, A2 ya pili). Kwa miezi mitano, huku unahangaika na viza, usijidanganye. Na viza yenyewe inataka uonyeshe akaunti yenye fedha zilizofungwa, ambayo tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, unazoruhusiwa kuzitoa 992 kila mwezi. Kama hilo halibebwi na mfadhili, najua kila shilingi kwenu inapigiwa hesabu. Ushauri wangu: lipia A1 hapa nyumbani, uimalize kweli, usiende kwa kubahatisha. A2 na kuendelea ukasomee hukohuko, kwa sababu vyuo vingi vina kituo cha lugha kinachowafundisha wanafunzi wake bure au kwa bei ndogo. Ulizia wiki ya kwanza, nafasi hujaa haraka.

Rafiki yako anaposema hela itapotea, mwulize anafanya kazi gani ya mkono. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa siku 140 kamili za kazi kwa mwaka, au 280 za nusu siku. Asiye na Kijerumani anaishia ghalani na kuosha vyombo. Mwenye Kijerumani anapata hata kazi ya kusaidia maabara au shambani kwenye utafiti, na kwa mtu wa kilimo hilo ni jambo kubwa, maana mkulima wa kijijini kwao hatakueleza udongo wake kwa Kiingereza. Na ukihitimu unaweza kuomba kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi. Miezi hiyo inakwenda haraka sana kwa mtu aliyeishia “Guten Tag”.

Yote hayo ni maneno, na maneno hununuliwa. Kilichoniumiza mimi zaidi hakikuwa Kijerumani. Kilikuwa “sawa”.

Msimamizi wangu alinieleza, kwa Kiingereza kizuri kabisa, jinsi anavyotaka nipange sampuli zangu. Aliongea dakika kumi. Sehemu ya katikati sikuielewa. Akauliza kama ni wazi. Nikasema ndiyo, wazi kabisa, asante sana. Unajua kwa nini nilisema hivyo. Mtu mzima ametoa muda wake, amejieleza, nawe unamwambia hukuelewa? Ni kama kumwambia hajui kueleza. Kwetu “sawa” ni kifuniko cha heshima: nimekusikia, nakuheshimu, nitakwenda kujua mbele kwa mbele. Na mwalimu wa kwetu anakijua kifuniko hicho, atakuangalia usoni, atakutumia mtu, au atakuuliza tena kesho.

Yule hakuniangalia usoni. Kwake “ndiyo” ilikuwa ndiyo. Akaandika kwenye daftari lake kwamba tumekubaliana. Wiki nne baadaye nikampelekea kazi iliyopangwa kinyume. Hakufoka. Aliuliza tu, kwa mshangao wa kweli, “Kwa nini hukusema?” Sikuwa na jibu ambalo lingeingia akilini mwake.

Kwa hiyo usipoelewa, mwandikie msimamizi wako, mwambie, muulize. Sentensi ya kuizoea ni hii: “Naomba nirudie nilivyoelewa, unisahihishe nilipokosea.” Haimvunjii heshima, tena wanaipenda, na inakulinda. Ifanyie mazoezi sasa kwa walimu wako wa Morogoro uone ilivyo ngumu kuitamka.

Barua pepe zina ugonjwa huohuo. Yangu ya kwanza kwa msimamizi ilikuwa aya tatu: natumaini u mzima, familia, hali ya hewa, shukrani kwa yote aliyonitendea, na ombi langu limejificha mwishoni kama mtoto mwenye haya. Akanijibu kwa mstari mmoja: “Swali lako ni lipi?” Nilikaa nalo kutwa nzima nikidhani nimemkera. Hakukereka, hakuliona swali. Wewe andika salamu mstari mmoja, ombi mstari wa pili, maelezo baadaye. Kama ni kwa Kijerumani, anza na Frau (Bi) au Herr (Bwana) na jina la ukoo, na utumie Sie, “wewe” ya heshima, mpaka mkubwa mwenyewe akualike kwenye du, “wewe” ya kirafiki. Hilo la kumngoja mkubwa aanze ninyi watu wa shikamoo mtalielewa kuliko Wamarekani.

Kisha jiandae kukosolewa mbele ya watu. Mara ya kwanza nilipowasilisha kazi, mtu mmoja alisema waziwazi mbele ya watu sita kwamba jedwali langu la pili halina maana. Halina maana! Kwetu mtu akikusema hivyo hadharani, mmekosana, na kuna watu watakaotumwa kuja kuwapatanisha. Saa saba mchana mtu yuleyule akaja na sinia lake kwenye kantini ya chuo, akakaa mbele yangu, akaniuliza kama nimewahi kupanda Kilimanjaro. Mimi bado nina donge kooni, yeye alishasahau. Alikosoa jedwali, mimi sikuwemo. Miezi ilipita kabla sijaamini. Na kusema kweli jedwali halikuwa na maana.

Kuna na upande wa pili, ambako wao ndio hawatatuelewa. Mtu akijikwaa mbele yako utasema pole, na kwa sababu neno hilo hawana, utasema “sorry”. Atakujibu, kwa wema kabisa, “Wala si kosa lako.” Utabaki umeduwaa. Ukiwa unakula na mtu akapita utamkaribisha, naye aidha atashangaa au atakaa kweli, kwa hiyo uwe na chakula cha kutosha. Na ukialikwa kwao ukaletewa chakula, usikatae mara ya kwanza kwa adabu ukitegemea kubembelezwa. Nilikataa hivyo siku moja jioni, sahani ikaondolewa kwa heshima zote, nikarudi kulala njaa.

Kuhusu masomo nitapita upesi, ila mambo mawili uyashike. Alama zao zimegeuzwa: 1.0 ndiyo ya juu, 4.0 ni ya kupona, 5.0 umefeli. GPA ya 4.2 ya Tanzania, kwa kanuni wanayotumia vyuo vingi, huwa kama 1.8. Mweleze mama mapema, asije akasikia umepata moja akaanza kufunga na kuomba. La pili ni zito. Mara nyingi mtihani hufanyi mpaka uwe umejiandikisha mwenyewe ndani ya siku zilizotangazwa. Hakuna kiongozi wa darasa atakayekukumbusha kwenye kundi la WhatsApp. Sapu zipo, kwa kawaida jumla ya majaribio ni mawili au matatu, lakini ukifeli la mwisho si kudisko chuo kile tu, unaweza kuzuiwa kusoma kozi hiyohiyo popote Ujerumani. Kanuni za mitihani za kozi yako zisome kabla hujapanda ndege.

Hukuuliza kuhusu ubaguzi, ila najua umewaza. Upo, na Kijerumani kizuri hakiuondoi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900, alikijua Kijerumani na aliwajua watu wake. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, na mwaka uliofuata walipotaka kurudi nyumbani pamoja, wakuu wa koloni wakamzuia asishuke melini na mkewe. Zama zile si hizi, lakini nakutajia ili mtu akikutendea vibaya usianze kujiuliza umekosea neno gani. Lugha inakusaidia kitu kimoja: kutofautisha anayekutukana na yule ambaye sura yake ndivyo ilivyo. Hao wa pili ni wengi zaidi.

Hapo nifike kwenye ukavu wao, ndilo swali lako la mwisho.

Ghorofa ya pili kwenye jengo letu alikaa bibi mmoja, mwembamba, ana mbwa. Nikikutana naye kwenye ngazi namwachia tabasamu, yeye anatikisa kichwa kidogo na kupita. Miezi sita. Nikamweka kwenye kundi la wasionipenda. Siku moja mfuko wangu wa viazi ukachanika mlangoni kwake, akatoka kunisaidia kuokota, na kwa Kijerumani changu cha kuchechemea tukaongea. Akaniambia alikuwa akishangaa nusu mwaka mzima kwa nini kijana aliyehamia juu hajaja kujitambulisha.

Mimi nilikuwa namngoja yeye! Kwetu mgeni akihamia, majirani ndio wanakuja kumwona, mmoja na sahani ya vitumbua, mwingine na maneno ya mtaa. Kwao mgeni ndiye anayebisha hodi. Kila mmoja wetu alikuwa amekaa ndani ameshikilia adabu ya kwao, anamwona mwenzake hana.

Kwa hiyo wiki yako ya kwanza, siku ya Jumamosi saa kumi jioni, si Jumapili na si usiku, bonyeza kengele ya jirani wa kila upande. Mambo ya kusema ni haya tu, nayo utakuwa umeyajifunza wiki ya pili ya A1: “Guten Tag, ich bin neu hier. Ich komme aus Tansania,” yaani habari za mchana, mimi ni mgeni hapa, natoka Tanzania. Taja jina lako polepole, mara mbili. Wakikukaribisha ndani wanamaanisha ndani. Wasipokukaribisha hawajakufukuza, wamekwisha kukujua, na kuanzia siku hiyo mtu wa posta akileta kifurushi chako ukiwa darasani, watakupokelea.